Mguu wa Kulia Kwanza

Jumamosi, 12 Aprili

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, anayetoa na anayetwaa, nami kwa yote mawili namshukuru. Naanza kuandika nikiwa ndani ya eda, hapa Mnyuzi, mvua ya masika ikilipiga bati tangu alfajiri. Mume wangu, Mwalimu Mhina, alitutoka kabla ya mwezi wa mfungo. Sheria imeniweka nyumbani hadi karibu na Idi ya kuchinja: sitoki ila kwa dharura, sijipambi, sijitii manukato. Sikuiona eda kuwa kifungo. Kilichonielemea ni jambo litakaloningoja nikitoka.

Kila mwaka, masika yalipokatika na njia kukauka, marehemu alinipakia kwenye keria ya baiskeli yake, tukavizungukia vitongoji taratibu, kuwasikiliza akina mama wanaosoma Kurani kwangu. Hakupenda mbio. Alisema mwenye haraka huzikosa salamu, na salamu ni sadaka. Mwaka huu sina wa kunipakia. Magoti yangu hayawezi tena mwendo mrefu, na vijana wa bodaboda hawangoji mtu amalize dua.

Hata baiskeli yenyewe haiko hapa. Siku ya maziko, jirani yangu Elina, Msambaa, mzee wa kanisa, na kwa hiyo mtani wetu sisi Wazigua, aliikalia pale uani akatangaza kuwa haondoki, marehemu alimwachia. Watu wakacheka huku wanalia. Desturi yetu yajulikana: alichokamata mtani msibani hakinyang'anywi, hukombolewa. Shemeji yangu Ramadhan, mdogo wake marehemu, aliombwa jogoo tu. Akakataa, akasema huo ni upuuzi. Elina akaikokota baiskeli hadi kwake. Nami niliona shemeji ndiye mwenye haki, kwani mauti si mahali pa mzaha.

Jumatatu, 14 Aprili

Mvua. Nimesoma Yasini. Paa la jiko linavuja.

Alhamisi, 17 Aprili

Shemeji Ramadhan amekuja baada ya Alasiri, amelowa hadi magotini kwa kutembea. Alikaa barazani, nami nikazungumza naye nyuma ya pazia. Yeye ndiye mwenyekiti wa kamati ya madrasa.

"Shemeji, tumekaa tukafikiri. Yale madarasa ya vitongojini yanahitaji mtu wa kuyafikia. Yuko ustadhi kijana pale Segera, ana pikipiki. Tutamkabidhi."

"Akina mama wale, Shemeji, wengine waume zao hawatawaruhusu wakae mbele ya kijana wasiyemjua."

"Watazoea."

"Na wasipozoea?"

"Basi kama wewe utaweza kuwafikia masika yakiisha, kabla mahindi hayajavunwa, kamati haitakuwa na neno. Lakini utafikaje? Tuseme kweli. Utafikaje?"

Alisema kwa upole, na upole wake ndio ulioniuma. Wako akina mama katika vitongoji vile walioanza na alifu wakiwa na wajukuu mgongoni. Wakiachwa mwaka mmoja, watafunga misahafu yao na hawataifungua tena.

Jumatatu ya Pasaka, 21 Aprili

Elina ameniletea wali na nyama, na kelele zake za salamu ya Kisambaa.

"Onga mshi, mtani! Bado umefungiwa? Sisi wetu jana kafufuka, wewe hata kutoka uani hujatoka!"

Nilimwambia mzaha una mipaka. Akasema mipaka hiyo wameiweka Wazigua kwa kuwa hawajui kucheka. Nikamwomba airudishe baiskeli, kwa kuwa mirathi haijagawanywa, na mali ya maiti si ya kuchezea.

"Mama Athumani, nitairudisha. Ila ije ikombolewe. Mimi si mwizi, mimi ni mtani."

Mwanamke huyu ana moyo mzuri na akili ya mtoto. Ndivyo ninavyomwona.

Alhamisi, 24 Aprili

Leo mirathi imegawanywa. Mwanangu Athumani amekuja kutoka Dar es Salaam, na binti yangu Zaina kutoka Handeni. Basi lake lilikwama kwa tope upande wa Kabuku, akafika amechoka. Sheikh aliyetugawia ni mtu wa haki. Alieleza wazi: mke ana thumni, yaani sehemu moja kati ya nane, watoto wana kilichobaki, na ndugu wa marehemu, maadamu yuko mtoto wa kiume, hana fungu.

Ramadhan hakubisha. Lakini walipofika kwenye vitu vya nyumbani, alikohoa akasema:

"Sidai fungu. Naomba baiskeli tu, iwe ukumbusho wa kaka. Nitaikokota mwenyewe hadi nyumbani."

Wanangu wakatazamana. "Baba mdogo aichukue," akasema Athumani. "Nani mwingine ataipanda?"

Zaina naye akaitika. Yalikuwa maneno ya heshima, na watoto walilelewa kumheshimu baba yao mdogo. Nami, niliyefundisha watu miaka yote kuwa ukarimu ni bora kuliko fungu, nilipaswa kuitikia pamoja nao. Lakini nilisikia, wallahi, kengele ya baiskeli ile moyoni mwangu, kama marehemu alivyokuwa akiipiga akikaribia kona. Nikajikuta nasema nyuma ya pazia:

"Sheikh, iandikwe katika thumni yangu."

Mvua ikasikika.

"Mama," akasema Athumani, "utaifanyia nini?"

"Nitaipanda."

Zaina akacheka, kisha akaona hakuna aliyecheka naye. Ramadhan akasema, si kwa ubaya: "Shemeji, mwanamke wa umri wako, mwalimu wa Kurani, juu ya baiskeli? Watu watasema nini?"

Nikamuuliza Sheikh iwapo kuna aya au hadithi inayomzuia mwanamke aliyejisitiri kupanda kipando. Sheikh akatabasamu. "Wanawake wema wa zamani walipanda ngamia, Mwalimu. Na ngamia ni mrefu kuliko baiskeli."

Ikaandikwa. Ramadhan akasimama, akaaga. Mlangoni akasema, "Kwanza ikomboeni kwa mtani wenu. Naona itakaa kule mpaka Kiyama."

Sijawahi kupanda baiskeli ila kwa kupakiwa.

Jumamosi, 26 Aprili

Nimempelekea Elina ujumbe: aje achukue jogoo wangu mwekundu, arudishe baiskeli. Amekuja bila kumtazama jogoo.

"Jogoo wako mzee kama wewe, sitaki. Ukombozi wangu ni huu: siku utakayotoka eda, uipande mwenyewe kutoka mlango wako hadi mlango wangu. Siku hiyo ni yako. Kabla ya hapo ni yangu, ila nitakuazima jioni jioni, hapa hapa uani kwako."

"Nani atanifundisha?"

"Nani amebeba mfuko wa ukunga juu ya baiskeli milima yote ya Bumbuli, mtani? Au ulidhani watoto wa Kisambaa huzaliwa kwa kubingirika?"

Nilitafakari iwapo jambo hili lavunja eda. Halivunji. Uani ni nyumbani, ua wa minyaa ni mrefu, na hakuna manukato katika baiskeli ila grisi.

Jumatatu, 28 Aprili

Somo la kwanza. Nimevaa suruali pana ndani ya gauni. Nimeanguka.

Jumanne, 29 Aprili

Nimeanguka.

Ijumaa, 2 Mei

Mvua kubwa, hakuna somo. Mwili ulifurahi, nafsi haikufurahi. Sikujua kama furaha ya mwili na ya nafsi zaweza kutengana hivi kwa sababu ya chuma na mpira.

Jumatano, 7 Mei

Nimeanguka juu ya masufuria. Elina alicheka hadi akakaa chini.

Ijumaa, 9 Mei

Leo nimemkosea jirani yangu, na nayaandika ili nisiyapunguze.

Tangu siku ya kwanza nimekuwa nikifanya kama nilivyofundishwa na nilivyofundisha: jambo jema huanzwa kwa mguu wa kulia. Huingia msikitini kwa kulia, huvaa kiatu cha kulia kwanza. Basi husimama upande wa kushoto wa baiskeli, nasema Bismillahi, naweka mguu wa kulia kwenye pedeli. Hapo hapo miguu husokotana kama kamba ya mbuzi, baiskeli inanilalia. Elina kila siku hupiga kelele: "Kushoto! Weka wa kushoto!" Nami kila siku humwambia siwezi kuanza jambo la heri kwa kushoto.

Leo nilianguka vibaya, goti likachubuka. Elina akasema, "Mungu wako na wangu hahesabu miguu, Mwalimu! Anataka ufike!"

Maumivu yakanishinda ulimi. Nikamwambia: "Wewe dini unaichezea kama ulivyochezea maziko ya mume wangu."

Aliiinua baiskeli, akaipangusa tope kwa kanga yake, akaiegemeza ukutani, akaondoka. Kwa mara ya kwanza tangu tujuane, ameondoka bila kunitania.

Jumapili, 11 Mei

Elina hakuja. Baiskeli iko hapa. Sikuigusa.

Jumanne, 13 Mei

Hakuja. Mvua imekatika mchana mzima, na milima ya Usambara imeonekana hadi kileleni. Nimewaza siku ile ya maziko. Nilikuwa nimekaa kwenye jamvi nimekauka, sina hata chozi. Watu wakaanza kuogopa. Ndipo mwanamke yule alipoikalia baiskeli na kupiga kengele. Nilicheka, na kicheko kilipotoka, kilio kikapata njia ya kukifuata. Nilimwita mpuuzi miezi yote hii, na kumbe yeye ndiye aliyeniwezesha kumlilia mume wangu.

Siwezi kutoka kumfuata. Nimemtumia salamu kwa muuza maziwa: mwambie Elina, mtani wake anaomba radhi, na jogoo bado yupo.

Jumatano, 14 Mei

Amekuja. "Jogoo nimekwisha kukwambia sitaki," akasema, na mimi nikajua nimesamehewa. Tukakaa kizingitini tukichambua mboga. Kisha akaweka chini ungo.

"Nimefikiri, Mwalimu. Nimefikiri hata kanisani, Mungu anisamehe, mchungaji anahubiri mimi nawaza miguu yako. Njoo."

Akailaza baiskeli upande wake wa kushoto, mpaka lile bomba la katikati likawa chini kama fimbo ya kuruka watoto. "Sasa. Usikanyage pedeli. Vuka. Mguu upi unavuka kwanza?"

Nikatazama. Nikauinua wa kulia, nikauvusha ng'ambo ya bomba. Wa kushoto ukabaki ardhini. Akaisimamisha baiskeli, nami nikawa katikati yake, nimesimama kama mtu.

"Wa kulia umeanza?"

"Umeanza."

"Wa kushoto unafanya nini?"

"Unashika dunia."

"Basi Bismillahi yako, na ukanyage!"

Nimezunguka jiko. Nimezunguka choo. Nimezunguka mpapai, kuku wakikimbia kila upande, na Elina nyuma yangu anapiga vigelegele, hajashika keria, hajashika chochote! Alhamdulillahi. Alhamdulillahi kwa mguu wa kulia, na kwa wa kushoto uliosubiri zamu yake.

Jumamosi, 17 Mei

Nimezunguka jiko mpaka nikapata kizunguzungu.

Alhamisi, 22 Mei

Jioni niliona kivuli nje ya minyaa. Alikuwa Shemeji Ramadhan. Nilishuka, nikajisitiri vizuri, nikamkaribisha barazani. Akakataa kuketi.

"Kwa hiyo ni kweli," akasema.

"Ni kweli, Shemeji."

"Uani si barabarani."

"Najua."

Alibaki pale muda mrefu. Nilidhani ananitazama kwa hasira, kisha nikagundua hanitazami mimi, anatazama pedeli. Mwishowe akasema ustadhi wa Segera ameshakubali, naye atampeleka Kwamnele, kitongoji cha mbali kuliko vyote, mara tu baada ya Idi. Akaenda zake kwa miguu, na njia imejaa matope.

Jumatatu, 2 Juni

Jua. Mahindi yamenyauka majani, mashina yanalia upepo ukipita. Ardhi imeanza kupasuka kidogo uani, alama ya kwanza ya njia kukauka.

Alhamisi, 5 Juni

Eda imekwisha. Nimeoga, nimeswali rakaa mbili, nimemwombea marehemu. Kisha nikafungua lango.

Kutoka mlangoni kwangu hadi kwa Elina ni pafupi, lakini pana mteremko na njia ya ng'ombe. Majirani walikuwa wamejipanga kama siku ya harusi. Mtu mmoja akasema, "Bibi huyo ataanguka." Mwingine akamjibu, "Akianguka tutamwokota, wewe nyamaza." Nikavusha mguu wa kulia. Nikakanyaga. Sikusikia tena mtu, ila upepo masikioni, na mbele yangu Elina amesimama mlangoni, mikono kiunoni.

Nilifunga breki kwenye kizingiti chake.

"Ukombozi umepokelewa," akasema kwa sauti ya hakimu. Halafu akaniangukia, tukalia wawili, baiskeli imetulalia miguuni.

Jumamosi, 7 Juni

Idi. Namshukuru Mola. Elina nimempelekea nyama, akasema ni ngumu kama Wazigua.

Jumanne, 10 Juni

Nayaandika ya leo taratibu, kama nilivyoyapitia.

Niliondoka baada ya kuswali Alfajiri na kunywa uji, msahafu umefungwa vizuri kwenye keria pale nilipokuwa nikikaa mimi. Nilivuka reli, nikashika njia ya katikati ya mkonge. Umande ulikuwa bado juu ya majani, na milingoti ya mkonge imesimama safu kwa safu, kama watu wanaongoja imamu. Milimani ukungu ulikuwa ukipanda polepole. Sikuwa na haraka. Hata mbuzi walinipita. Kila niliyekutana naye nilimsalimu, na kila aliyenisalimu nilifunga breki kumjibu, kwa kuwa nilikuwa bado sijui kujibu na kuendesha kwa wakati mmoja.

"Shikamoo Bibi! Unaenda wapi na baiskeli ya Mwalimu?"

"Marahaba. Naenda kwa wenyewe."

Kwa muda mrefu nilikuwa nikiiona njia hii nikiwa nyuma ya mgongo wa mume wangu, nikaona pande mbili tu, kulia na kushoto. Leo nimeona mbele. Niliona njia inavyopinda kwenye shamba la michungwa, maji ya masika bado yanang'aa mitaroni, vipepeo wa manjano wametua kwenye tope wakinywa. Mteremko ulinipeleka wenyewe, gauni likajaa upepo, na nikasikia sauti inacheka. Ilikuwa yangu. Nikasema, Subhanallah, alikuwa akiyaona haya yote kila mwaka, na kila mwaka alikuwa akinisimulia, nami nikimjibu "naam" bila kuelewa.

Kitongoji cha kwanza nilikuta akina mama wakipukuchua kunde. Walitupa nyungo. Nikawasikiliza kila mmoja sura yake, nikanywa maji, nikaendelea. Cha pili vivyo hivyo. Jua lilikuwa limepanda nilipokaribia Kwamnele.

Hapo kuna kijito, na kalvati lake masika yamelibeba. Watu wameweka magogo mawili ya kuvukia. Upande wangu wa kijito ilisimama pikipiki, imezama tope hadi kwenye ekzosi, na kando yake vijana wawili: mmoja anaisukuma, na mwenzake wa kanzu nyeupe iliyorukiwa matope. Pembeni, amekaa juu ya jiwe, Shemeji Ramadhan.

Nilipiga kengele. Sikukusudia kiburi, mkono ulizoea kupiga kengele kwenye kona.

Nikashuka, nikaiinamisha baiskeli, nikaikokota juu ya gogo moja, mimi nikitembea juu ya la pili. Katikati ya kijito nilisoma dua ya safari mara nyingi kuliko inavyotakiwa. Nilipofika ng'ambo, akina mama wa Kwamnele walikuwa wameshaniona. Vigelegele vilivyopigwa pale, nadhani vilisikika Korogwe mjini.

Kijana wa kanzu akavuka magogo kwa miguu, akaja kuniinamia. "Shikamoo, Bibi. Mimi ndiye ustadhi wa Segera. Niliambiwa darasa hili halina mwalimu wa kulifikia."

"Marahaba, mwanangu. Huyu hapa amefika."

Akawatazama akina mama wanavyofungua misahafu, hawakungoja hata nikae. Akageuka kwa Ramadhan, aliyekuwa amevuka nyuma yake. "Mzee wangu, mimi hapa sina kazi. Mwenye darasa yupo." Akaniomba dua, nikamwombea, akaenda kusaidia kuinasua pikipiki. Ni kijana mwenye adabu. Nimemwambia Idi ijayo aje kula kwangu.

Ramadhan alikaa nje ya ua akasikiliza hadi mwisho. Akina mama walisoma kwa sauti moja, na yule bibi aliyeanza alifu akiwa na mjukuu mgongoni alisoma peke yake, hakukosea herufi. Nilipotoka nje, shemeji alikuwa amefuta uso kwa kofia yake.

"Kaka angefurahi," akasema. "Kamati haina neno, Shemeji. Madarasa ni yako."

Pikipiki ilikuwa imekwisha kurudi Segera, basi tulirudi pamoja, yeye kwa miguu, nami naikokota baiskeli kwa heshima yake, kwa kuwa haikunipendeza kumwacha mtu mzima nyuma yangu. Nilimwona amechoka, na nyumbani bado mbali. Nikasema: "Shemeji, ipande wewe utangulie. Nitakukuta relini."

Alisimama. Akatazama mkonge upande huu, akatazama upande ule. Hapakuwa na mtu.

"Shemeji," akasema, "mimi kaka alinipakia tangu tukiwa wadogo. Aliniambia nitajifunza kesho. Kesho ikapita. Nikawa mtu mzima, nikaona haya."

Ndipo nilipoelewa ile "nitaikokota mwenyewe," na kivuli kilichosimama nje ya minyaa kikitazama pedeli. Nilimdhania kuwa alitaka kuninyima baiskeli. Kumbe alitaka tu kukaa karibu nayo.

Sikucheka. Elina angecheka, na labda yeye ndiye angekuwa sahihi. Nilijiondoa kando, nikampa usukani.

Aliushika kwa mikono miwili kama mtu apewaye mtoto mchanga. Kisha, kwa sauti ya chini, mwenyekiti wa kamati ya madrasa akaniuliza:

"Unaanza mguu upi?"

"Ilaze kwanza upande wako, Shemeji," nikamwambia. "Sema Bismillahi. Kisha vusha wa kulia."